Riwaya za Upelelezi wa Kihistoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu ninaowaazima vitabu au ninaowaelekeza cha kusoma. Nimejibu kwa kadiri ninavyoamini, na nimejitahidi nisimmalizie mtu uhondo: hakuna jibu hapa linalotaja muuaji.

Riwaya ya upelelezi wa kihistoria ni ipi hasa?

Ni hadithi ya uhalifu na uchunguzi iliyowekwa katika zama ambazo mwandishi alilazimika kuzitafuta kwenye nyaraka, barua na kumbukumbu za mahakama, kwa sababu si zama zake. Chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kina tuzo maalumu ya fungu hili, na kimeweka mpaka wa miaka 50 nyuma. Kwa majaji mpaka huo unatosha.

Msomaji anahitaji kipimo kingine. Ichukue kesi uihamishie Dar es Salaam ya leo. Ikibaki vilevile, basi historia iliyomo ni pambo tu. Riwaya iliyokamilika ni ile ambayo kosa lake lisingetendeka, lisingefichwa wala lisingefichuliwa isipokuwa katika zama zile.

Mwaka 1138 Mfalme Stephen wa Uingereza aliuteka mji wa Shrewsbury na kuwanyonga walinzi wa ngome yake. Hayo yamo katika historia. Katika *One Corpse Too Many* ya Ellis Peters, mtawa Cadfael anakwenda kuwasitiri wale maiti kabla ya maziko. Ameambiwa ni 94. Anahesabu, anapata 95. Kuna mtu aliyeua, kisha akamtupa mwenziwe katikati ya waliouawa kwa amri ya mfalme, akitumaini kwamba hakuna atakayejisumbua kuhesabu. Ondoa vita ile na hadithi yote inaanguka. Kila mara mtu anaponiuliza aina hii ya riwaya ina nini cha ziada, mfano ninaompa ni huu.

Je, vitabu vya Bwana Msa vimo katika kundi hili?

Kwa maana kamili, havimo. Muhammed Said Abdulla, aliyemtunga mpelelezi huyo, alikuwa akiandika Unguja aliyoijua kwa macho yake. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, na wakati ule ilikuwa hadithi ya siku hizo. Vivyo hivyo *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965) na visa vya Willy Gamba vya Elvis Musiba: vilitungwa juu ya mambo yaliyokuwa yakiendelea.

Lakini usiache kuvisoma kwa sababu hiyo. Leo tunavisoma kwa mbali, na ndani ya vile vya Bwana Msa mna Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi: jinsi watu walivyoamkiana, nani aliingia nyumba ya nani kupitia mlango upi, mali ilivyozungumzwa na ilivyonyamaziwa. Mwandishi wa sasa atakayetaka kutunga upelelezi wa Unguja ya miaka ya 1950 hana mwalimu bora kuliko Bwana Msa, na kiko chake, na Najum wake pembeni.

Sipendi historia. Shuleni ilinishinda. Nitaziweza?

Utaziweza, na huenda ukazipenda kuliko anayeijua historia. Shuleni tulipewa tarehe na majina ya wafalme. Mpelelezi hana haja na hayo. Anataka kujua usiku ule nani alikuwa na ufunguo, chakula kilipikwa na nani, mjane atarithi nini, mtumwa aliyeona aliruhusiwa kusema au la. Ukimfuata unaingia jikoni, sokoni, mahakamani na kwa mfalme ndani ya siku moja, na kila mahali unapoingia kuna sababu ya wewe kuwapo. Sijui njia nyingine ya kuijua jamii ya kale kwa undani namna hiyo bila kuchoka.

Kiingereza changu si kizito. Nianze na kipi?

Nyingi ya riwaya hizi utazipata kwa Kiingereza, hata zilizoandikwa kwanza kwa Kiitaliano au Kituruki, kwa hiyo swali hili ni la msingi.

Anza na *Death Comes as the End* ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1944. Sentensi zake ni fupi na nyepesi, na mambo yake yanatokea Misri, karibu miaka 2000 kabla ya Kristo. Christie aliijenga juu ya barua za kweli za mtu aitwaye Heqanakht, mkuu wa familia aliyekuwa akiwaandikia watu wa nyumbani kwake kuhusu mashamba, posho ya chakula na ugomvi wa kifamilia. Katika riwaya, mzee Imhotep anarudi safari na suria kijana, Nofret, anamweka katika nyumba yenye wana wakubwa, wake zao na bibi mzee asiyedanganyika. Hakuna Mswahili atakayehitaji kuelezwa kwa nini nyumba hiyo itawaka moto. Tunazijua nyumba hizo.

Baada ya hapo nenda kwa Judge Dee wa Robert van Gulik. Lugha yake ni ya moja kwa moja, karibu kama ripoti.

Huyo Judge Dee ni nani, na kwa nini anasifiwa sana?

Di Renjie alikuwa mtu wa kweli, ofisa wa enzi ya Tang huko China aliyezaliwa mwaka 630 na kufariki mwaka 700, aliyemtumikia Malkia Wu Zetian. Karne nyingi baadaye Wachina walimtungia visa vya upelelezi. Van Gulik, mwanadiplomasia wa Kiholanzi, alitafsiri kimojawapo mwaka 1949, kisha akaendelea kutunga vyake.

Ninampenda kwa sababu ya sheria iliyomzunguka. Hakimu wa wilaya ndiye mpelelezi, ndiye mwendesha mashtaka, ndiye anayehukumu. Hana wa kumsaidia zaidi ya wasaidizi wake wachache. Mshtakiwa hahukumiwi mpaka akiri, na sheria inamruhusu hakimu kumtesa ili akiri. Lakini hakimu akikosea, shingo yake mwenyewe imo hatarini. Kwa hiyo Dee hawezi kuridhika na dhana. Lazima ajue kabisa. Na kwa kawaida kila riwaya ina kesi tatu zinazokwenda pamoja, maana hakimu wa kweli hakungoja kesi moja iishe ndipo nyingine ianze.

Anza na *The Chinese Gold Murders*: Dee bado kijana, ndiyo kwanza amepewa wilaya yake ya kwanza, na hakimu aliyemtangulia amekufa kwa sumu.

Ni lazima nisome mfululizo kwa mpangilio?

Kwa Judge Dee, hapana. Kwa Cadfael ningekuambia anza na kitabu cha pili, hicho cha maiti 95, kwa sababu ndimo anamoingia Hugh Beringar, ambaye urafiki wake na Cadfael ndio uti wa mgongo wa mfululizo mzima wa riwaya 20. Cha kwanza unaweza kukirudia baadaye, hakitakudhuru.

Kwa Shardlake wa C. J. Sansom jibu ni ndiyo, tena bila kuruka. Kila kitabu kinabeba majeraha ya kile kilichotangulia.

Shardlake ni mzito? Nimeona vitabu vyake ni vinene.

Ni vinene, na vinazidi kunenepa. Lakini *Dissolution* (2003), cha kwanza, si kirefu sana. Ni mwaka 1537. Mfalme Henry VIII, kupitia waziri wake Thomas Cromwell, anazifunga monasteri, yaani nyumba za watawa, na kuchukua mali zake. Mjumbe wa Cromwell anakutwa amekatwa kichwa katika monasteri ya pwani, na mwanasheria Matthew Shardlake, mwenye kibyongo, anatumwa kuchunguza.

Sansom alisomea historia hadi shahada ya uzamivu kisha akafanya kazi ya uwakili, na vyote viwili vinaonekana. Lililonigusa zaidi ni kwamba Shardlake anaamini mageuzi ya dini anapoingia mle ndani. Anatafuta muuaji, na huku anaona ni watu gani anaowatumikia. Upelelezi unamvua imani hatua kwa hatua. Yeyote aliyewahi kutumikia jambo kubwa akaona linavyoendeshwa nyuma ya pazia ataelewa uchungu wa kitabu hiki.

Nilianza *The Name of the Rose* nikaiacha. Je, nirudi?

Rudi. Umberto Eco alieleza baadaye kwamba marafiki na wahariri walimshauri apunguze kurasa mia za mwanzo kwa kuwa zinachosha, naye akakataa. Alitaka msomaji azoee mwendo wa maisha ya abasia, nyumba kubwa ya watawa, kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Ukijua kwamba ugumu ule umewekwa kwa makusudi, unauvumilia kwa moyo mwingine. Ni mwaka 1327, kaskazini mwa Italia, siku saba, watawa wanakufa mmoja baada ya mmoja, na katikati yake kuna maktaba iliyojengwa ili watu wapotee ndani yake. Vipande vya Kilatini viruke bila kuona haya.

Ikikushinda tena, jaribu *My Name Is Red* ya Orhan Pamuk. Istanbul, 1591, wachoraji wa Sultani, na sura ya kwanza inasimuliwa na maiti aliye ndani ya kisima. Swali linaloua watu humo ni kama mchoraji Mwislamu anaruhusiwa kuchora sura ya mtu kama Wazungu wanavyochora. Kwa msomaji aliyekulia mahali ambapo mjadala wa picha na dini bado upo, hiyo si historia ya mbali.

Nitajuaje kilicho kweli na kilichotungwa?

Karibu waandishi wote makini huweka maelezo mwishoni. Yasome ukishamaliza, usiyatangulize, kwani mara nyingine hutoboa siri. Van Gulik, kwa mfano, anakiri wazi kwamba ingawa Dee ni wa enzi ya Tang, mavazi na desturi alizozieleza ni za enzi ya Ming, karne nyingi baadaye, kama walivyofanya watunzi wa Kichina wenyewe.

Ukitaka kupima mwenyewe, angalia vifaa vya uchunguzi. Alama za vidole zilimtia mtu hatiani kwa mauaji kwa mara ya kwanza Argentina mwaka 1892, na Scotland Yard, polisi ya London, ikaanzisha ofisi yake ya alama hizo mwaka 1901. Kipimo cha James Marsh cha kugundua sumu ya aseniki kilitangazwa mwaka 1836. Kabla yake kuthibitisha sumu hiyo ilikuwa kazi ngumu mno. Mpelelezi wa mwaka 1790 anayetangaza kwa uhakika kwamba marehemu alikula aseniki anapaswa kukutia shaka.

Ila kosa linaloniudhi zaidi ni la fikra. Ni pale mhusika wa karne ya 12 anapowaza kama mtu wa leo juu ya dini, utumwa au ndoa, na wenzake wote wanamwona wa kawaida. Kofia iliyokosewa naisamehe.

Mbona wapelelezi karibu wote ni Wazungu?

Hilo lilikuwa kweli zaidi zamani. Easy Rawlins wa Walter Mosley, katika *Devil in a Blue Dress* (1990), ni Mmarekani Mweusi wa Los Angeles mwaka 1948, askari aliyetoka Vita vya Pili vya Dunia, amefukuzwa kazi na ana nyumba ya kulipia mkopo. Anaombwa amtafute mwanamke mweupe katika vilabu vya Weusi. Anaweza kuingia mahali ambapo polisi hawawezi, na hawezi kuingia mahali ambapo mlevi yeyote mweupe anaingia. Uchunguzi wote unapita katika mpaka huo.

*A Rising Man* ya Abir Mukherjee (2016) iko Calcutta mwaka 1919, mwezi uleule wa mauaji ya Amritsar, ambako jeshi la Waingereza liliwapiga risasi raia wa Kihindi. Mpelelezi mkuu ni Mwingereza, lakini macho yangu huwa kwa sajini wake Mhindi, Banerjee, anayetumikia serikali ambayo ndugu zake wanaipinga.

Na ninachokipendekeza zaidi kwa wasomaji wa Mombasa, Lamu na Unguja ni *The Widows of Malabar Hill* ya Sujata Massey (2018). Bombay, 1921. Wajane watatu wa Kiislamu wanaishi utawani, hawaonani na wanaume wa nje, na kuna karatasi zinazosema wote wamekubali kuzitoa mali zao. Perveen Mistry, mwanasheria mwanamke, ndiye pekee anayeweza kukaa nao na kuwauliza kama kweli wanajua walichotia sahihi. Mahari, wakfu, urithi, msimamizi wa mali: wasomaji wengine duniani hulazimika kuelezwa mambo haya, wewe utayasoma kama habari za jirani.

Kuna zinazohusu Afrika Mashariki?

Zipo chache. Ninayoipenda ni *The Book of Secrets* ya M. G. Vassanji, iliyopata tuzo ya Giller ya Kanada ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Mwalimu mstaafu wa Dar es Salaam anapata shajara ya ofisa wa Kiingereza ya mwaka 1913, iliyoandikwa katika mji mdogo wa mpakani kati ya eneo la Waingereza na la Wajerumani, na anaanza kutafuta ukweli wa jambo ambalo shajara inalizunguka bila kulisema. Hamna polisi wala pingu. Kuna mzee mmoja na karatasi, na ni upelelezi kamili.

Kwa Kiswahili, soma pia *Haini* ya Adam Shafi, inayotokana na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Si riwaya ya mpelelezi. Humo wachunguzi ndio wa kuogopwa, na anayeulizwa ndiye tunayekaa naye seli. Inafaa kusomwa kando ya vitabu hivi vingine ili msomaji asisahau kwamba si kila uchunguzi hutafuta ukweli.

Ungetamani nani aandike nini?

Hili huulizwa na vijana wanaoandika, na nina jibu ambalo nalibeba siku zote.

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alikufa ghafla. Siku ileile alizikwa, na siku ileile jamaa yake Khalid bin Barghash aliingia kasri na kujitangaza sultani. Wengi waliamini Khalid alimtilia sumu. Haikuthibitishwa kamwe. Waingereza walimtaka atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka, meli zao zikalipiga kasri, na kwa chini ya saa moja vita ikaisha. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, na alifariki Mombasa mwaka 1927.

Tazama alivyo navyo mtunzi hapo. Kipimo cha Marsh kina umri wa miaka 60, lakini maiti ameshasitiriwa kwa desturi inayotaka maziko ya haraka, na mahali palipokuwa na mashahidi pamepigwa mizinga siku mbili baadaye. Aliyenufaika anajulikana na hashikiki. Aliyeshinda naye hana haja ya ukweli, maana tuhuma yenyewe inamfaa. Ni nani atakayeuliza? Mpishi? Mwosha maiti? Karani wa kadhi? Mimi ningemchagua mwosha maiti, kwa sababu yeye peke yake aliuona mwili.

Mtunzi asianze na Kiingereza cha makonsuli. Kuna kumbukumbu za Sayyida Salme, aliyetoka katika kasri za Unguja. Kuna maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Kuna *Desturi za Waswahili* za Mtoro bin Mwinyi Bakari. Lugha ya wakati ule imo humo, pamoja na adabu zake na vitisho vyake.

Nimpendekezeeje mtu kitabu bila kukosea?

Usiulize anapenda nini, maana watu hujibu wanachotamani waonekane wanapenda. Muulize ni kitabu gani cha mwisho alikiacha katikati, na kwa nini. Aliyesema "majina yalikuwa mengi" usimpe Eco wala riwaya ya Warumi. Aliyesema "hakuna kilichotokea" mpe Mosley. Aliyesema "damu ilizidi" mpe Cadfael.

Kisha angalia kazi yake. Muuguzi na mfamasia humpenda Cadfael, kwa sababu ni mtunza bustani ya dawa na hutambua sumu zake mwenyewe zinapotumiwa vibaya. Mwanasheria mpe Massey, au *Roman Blood* ya Steven Saylor, iliyojengwa juu ya kesi ya kweli ya mwaka 80 kabla ya Kristo, Cicero akiwa kijana anamtetea mtu aliyeshtakiwa kumuua baba yake. Adhabu ya kosa hilo Roma ilikuwa kushonewa ndani ya gunia pamoja na wanyama hai na kutupwa mtoni. Mtu wa dini mpe Sansom, lakini mwambie mapema kwamba kitamuuma.

Unapokisimulia, ishia pale maiti anapopatikana. Taja mahali, mwaka, na swali moja. "Aliambiwa 94, akahesabu 95" inatosha kumfanya mtu anyooshe mkono.

Vijana wa sekondari wanaweza kuzisoma?

Cadfael na Christie, ndiyo. Saylor, Sansom na Mosley wangoje wawe wakubwa kidogo: kuna mateso, watumwa wanaohojiwa kwa kuumizwa, na mambo ya chumbani.

Nizipate wapi kwa bei nafuu?

Za Kiswahili zitafute kwenye maduka ya vitabu na kwa wauza vitabu vya mitumba. Toleo la zamani la Bwana Msa likijitokeza usilipite. Za Kiingereza huonekana sana barabarani Nairobi, hasa Christie na Ellis Peters. Walio Ulaya au Marekani wanaweza kupata kadi ya maktaba ya mtaa, na mara nyingi kuitumia kuazima hata kwa simu.

Kikundi chetu cha kusoma kianze na kipi?

*The Daughter of Time* ya Josephine Tey, ya mwaka 1951. Inspekta amelazwa hospitali, amevunjika mguu, na kwa kuchoka anaamua kuichunguza kesi ya Mfalme Richard III, anayedaiwa kuwaua wana wawili wa kaka yake mwaka 1483. Haondoki kitandani. Vyote anavyotumia ni vitabu, barua na swali la nani alinufaika.

Msikisome kama hukumu, maana wanahistoria wengi bado wanamwona Richard mwenye hatia. Kigaweni kikundi mara mbili: nusu wamtetee, nusu wamshtaki, na kila upande uruhusiwe kutumia tu ushahidi uliomo kitabuni. Wapeni watu wiki tatu. Kitabu ni chembamba, lakini ukoo wa wafalme wale unahitaji kuchorwa kwenye karatasi kabla ya kuanza, la sivyo nusu ya kikao itaishia kuulizana nani ni mtoto wa nani.